Mzunguko

Programu inaniuliza: mapigo mangapi kwa dakika?
Naandika mia na kumi. Nafuta. Mia na kumi na nane.
Nitajuaje? Mcha hajapatapo kupiga kwa namba,
hupiga kwa kuangalia viuno vya watu.

Chumbani kwangu Jang'ombe mlango nimeuziba kwa godoro
maana jirani anashona, na cherehani yake
ina mdundo wake, tena mtamu kuliko wangu.
Simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa.

Ilikuja na midundo tayari: rege, walzi, bosanova.
Nikagusa palipoandikwa Kiarabu: harusi ya wapi hii?
Nikagusa Kiafrika: ngoma za msituni
ambazo mimi, mzaliwa wa hapa, sijazisikia hata siku moja.

Basi natengeneza wangu.
Kwenye kioo vijumba kumi na sita,
sawa na upande mmoja wa bao.
Hapa natia kete, hapa naacha patupu.
Lakini kwenye bao kete ikiangukia patupu, mkono hulala.
Huu haulali.
Unapita patupu kama haupaoni, unarudi mwanzo,
unapita tena.

Cherewa ni choroko ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Mkwasa ni miiko miwili, mmoja umeungua ncha.
Vidumbak ni vya Ussi, na Ussi yuko Maskati;
alinipigia juu ya meza ya tajiri wake, usiku,
akanitumia kwa simu.
Mwisho wa pigo la mwisho kuna sauti ya mwanamke: Ussi!
Nimejaribu kuikata. Haikatiki,
mkia wa ngoma umelala chini yake.
Kwa hiyo kila mzunguko anaitwa,
na kila mzunguko haitiki.

Mcha alikuja Jumanne na sanduku lake la chai begani.
Akakaa, akakaza kamba, akakohoa.
"Nipige mara ngapi?"
"Mara moja tu. Inazunguka yenyewe."
"Inazunguka mpaka lini?"
"Mpaka niizime."
Akanitazama, akaitazama simu,
akaitazama tena simu.
"Na Alhamisi Bububu, nani anakwenda?"
Nikamwambia wenye harusi wana pesa ya mtu mmoja.
Nilisema nikiwa nimeinamia fidla,
nikikaza uzi uliokwisha kukazika.

Hakunuka maneno. Alipiga.
Alipiga kama anayetia saini:
mara moja, na hapo kati akachelewa kidogo, nusu ya unywele,
pale pale wanapogeuka wachezaji.
Programu ikaniuliza: nirekebishe?
Nikabonyeza hapana.

Alipofika mlangoni, godoro mkononi, akageuka.
"Bihindi, mimi nilipe kwa kila mzunguko.
Shilingi mia. Nitahesabu mwenyewe."

Na akaja kweli, kanzu imepigwa pasi,
akaomba kiti karibu na spika
kama mzee wa upande wa bwana harusi.
Nikapiga fidla, wanawake wakajaa ukumbini,
na kila walipogeuka, waligeukia pale pale
kwenye nusu ya unywele wake.
Hakucheza, hakula.
Mguu wake ndani ya kandambili ulikuwa ukihesabu.

Nyumbani, chini ya taa ya duka lililofungwa,
nilifungua programu: mizunguko mia nne hamsini na tisa.
Nikamhesabia noti, nikakopa sarafu za mwisho kwa muuza urojo.
Alizipokea, akazipanga kwenye goti,
kisha akatoa mia nane, akanirudishia.

"Minane ya mwanzo ulikuwa unajaribu spika.
Hiyo si kazi."

Nikauliza, na ya Ussi?
Akafikiri sana.
"Ya Ussi mpelekee mamaake," alisema,
"lakini usimsikilizishe.
Akisikia mwanawe anaitwa, ataitikia yeye."